Useneta wa kaunti ndogo haulingani na viti vilivyofutwa Australia Magharibi

Mhariri,

Wanaotaka hata Seneti yetu ya Kenya ipangwe kwa wingi wa watu wanaweza kujipatia hoja nzito katika jimbo la Australia Magharibi, ambako mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kufuta kanda zote za uchaguzi za bunge la juu, zikiwemo zile za mashambani. Naomba nafasi nieleze kwa nini hoja hiyo, pamoja na ukweli uliomo ndani yake, haitufai sisi.

Hadi uchaguzi wa Machi 2021 bunge hilo lilikuwa na wajumbe 36 kutoka kanda sita, na kila kanda ilipewa viti sita. Kanda tatu zilikuwa za jiji la Perth na tatu za nje ya jiji, ingawa takriban robo tatu ya wapiga kura wa jimbo wanaishi Perth. Kanda ya Migodi na Malisho, iliyoanzia kwenye machimbo ya dhahabu ya Kalgoorlie ikapanda hadi Kimberley kaskazini, ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, yaani zaidi ya mara tatu ya Kenya nzima, lakini wapiga kura wake hawakuzidi sana 70,000. Kwa hesabu hiyo kura moja ya huko ilikuwa na uzito wa takriban kura sita za Perth, na walioutetea mpango huo walisema kwamba umbali na upweke wa watu hao ulistahili fidia.

Fidia hiyo, hata hivyo, ilimfikia nani? Katika uchaguzi huo huo kiti kimoja cha Migodi na Malisho kilichukuliwa na mgombea wa chama kilichoundwa kudai saa zisogezwe mbele wakati wa kiangazi, naye alikuwa amepata kura 98 tu za chaguo la kwanza. Kilichombeba ni utaratibu ulioruhusu vyama kupeana kura za ziada kwa orodha walizokubaliana mapema, kiasi kwamba aliyekipigia kura chama kimoja hakujua kura yake ingeishia kwa nani. Zaidi ya hayo, mgombea huyo alikuwa Marekani wakati wa uchaguzi, na hoja yake ya saa ilikwisha kukataliwa na wananchi wa jimbo mara nne, katika kura za maoni za 1975, 1984, 1992 na 2009, upinzani ukiwa mkali zaidi huko mashambani. Sijui kama kuna mfugaji wa Kimberley aliyecheka.

Serikali ya chama cha Labor, chini ya Mark McGowan ambaye kabla ya uchaguzi alisema suala hilo halimo katika ajenda yake, iliitumia aibu hiyo kubadili mambo mawili kwa pamoja. Ilifuta orodha za kupeana kura, jambo ambalo ni vigumu kulilaumu, na ikafuta kanda zenyewe, hivi kwamba katika uchaguzi wa Machi 2025 wajumbe 37 walichaguliwa na jimbo zima kana kwamba ni eneobunge moja. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia, kwa sababu kura 98 zilitokana na orodha, si na mipaka ya kanda. Orodha zingefutwa peke yake, mgombea yule asingekaribia kiti.

Lakini nakiri kwamba kanda hizo zilifutika kirahisi kwa kuwa hazikuwa na kitu nyuma yake. Hazikuwa na serikali, bajeti wala bunge lao. Zilikuwa mistari ya ramani iliyochorwa kwa ajili ya uchaguzi, na mjumbe wake hakuwa na mamlaka yoyote ya kuyasemea isipokuwa umbali.

Kwetu mambo ni tofauti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi, na kila kaunti ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, tofauti ya takriban mara thelathini ambayo inazidi kwa mbali ile ya Australia. Hata hivyo Kifungu cha 96 cha Katiba hakisemi kwamba Seneti inawakilisha idadi ya watu, bali kaunti na serikali zake, na katika miswada inayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti hupiga kura moja kwa mujibu wa Kifungu cha 123. Seneta wa Lamu hulinda mgao wa serikali iliyopo, yenye gavana na bunge lake, serikali ambayo haipungui wajibu kwa sababu watu wake ni wachache. Zahanati ya kisiwani Kiwayu inahitaji dawa na boti hata kama majirani zake ni samaki.

Wingi wa watu una mahali pake, napo ni Bunge la Taifa, ambako Kifungu cha 89 tayari kinaruhusu maeneobunge ya mijini na ya watu waliotawanyika kuzidi au kupungua kwa hadi asilimia 40 ya wastani. Anayeona asilimia hiyo ni kubwa mno aiombe ipunguzwe huko, na tume ya uchaguzi itakapochora mipaka upya apeleke hoja zake kwake, aiache Seneti.

Msomaji wenu,
Lamu