Shukrani kwa fundi aliyenirudishia bango langu

Juzi nilifungua kazi zangu za mwanzo za usanifu nikaona aibu. Bango moja lina aina tano za herufi, kivuli kwenye kila neno, na maandishi ya njano juu ya nyeupe yasiyosomeka hata ukiyakodolea macho. Ndilo nililokuletea ulichape.

Kaka, ungeweza kulichapa tu ukachukua hela yako. Badala yake ulisimamisha mtambo, ukavuta kiti, ukanieleza kwamba skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, ilhali karatasi hupokea wino wa samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi. Ndiyo maana ile bluu yangu kali ingefifia. Picha yangu ilikuwa ya nukta 72 kwa inchi, ukasema kazi kama hii inataka 300. Na zile milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kukatia, sikuwahi hata kuzisikia. Kisha ukanyamaza, ukaniacha nifute makosa yangu mwenyewe. Hilo lilinifaa kuliko yote.

Hukunicheka. Nami niliondoka bila kukuuliza jina, jambo linaloniuma hadi leo. Ahsante sana, kaka. Mungu akuzidishie.