Mihadhara ya sayansi ya maji iwafikie wanaochota maji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mihadhara ya wazi ambayo vyuo vikuu huandaa kuhusu utafiti wa maji. Nia yake ni njema, ila mingi hufanyika saa za kazi na kwa lugha ya wataalamu, hata wasikilizaji wakawa ni wahadhiri na wanafunzi wao (ambao pengine wamefuata mahudhurio tu).

Chukua suala la floraidi, madini yanayopatikana katika maji ya baadhi ya visima. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuiondoi floraidi. Kinyume chake, kwa kuwa sehemu ya maji hugeuka mvuke, kiwango chake katika maji yanayobaki huongezeka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwani zaidi ya hapo meno ya watoto huweza kuingia madoa, na kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Anayechemsha maji ya kisima kila jioni akiamini ameyasafisha kabisa ndiye anayepaswa kuelezwa hayo, tena na mtafiti mwenyewe.

Napendekeza mihadhara hiyo ifanyike jioni au Jumamosi, nusu ya muda iachiwe maswali, na atakayeleta maji ya kisima chake apimiwe.

Msomaji wako