Fomu yako nimeisaini

Mwanangu mpendwa,

Fomu ya ridhaa ya mzazi ya kwenda kambi ya mpira iko ndani ya bahasha hii, nimeisaini. Najua umeisubiri wiki tatu, na matroni amenipigia mara mbili kuniuliza. Usidhani nilikuwa na shaka na mpira wako. Kabla ya kuishika kalamu nilikuwa na deni kwa shangazi yako, deni la miaka zaidi ya ishirini, na nisingeweza kukuruhusu wewe huku yeye sijamwambia kitu.

Hujawahi kusikia habari hii kwa sababu nyumbani kwetu haikuzungumzwa. Shangazi yako alikuwa winga. Alipokuwa na umri wako alicheza chandimu na wavulana wa mtaani Buguruni, na akishapata mpira pembeni hakuna aliyemfikia. Kocha mmoja wa timu ya wanawake akamwona, akaja kuzungumza na babu yako. Marehemu babu alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamkatalia. Jioni ile nikatumwa mimi, kaka mtu, nikamtoe binti uwanjani. Nilimshika mkono mbele ya wenzake nikaondoka naye. Daruga alizokuwa ameazimwa nilizirudisha mimi mwenyewe. Njia nzima alitembea mbele yangu, hakugeuka, na tangu siku hiyo hakutaja tena habari ya kucheza mpira.

Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ikafuzu kwa mara ya kwanza fainali za wanawake za Afrika, zilizochezwa Afrika Kusini. Wasichana wengi wa kikosi kile walikuwa rika la shangazi yako. Tulipoteza mechi zote tatu: wenyeji 2-1, Mali 3-2, Nigeria 3-0. Nilisema mbele yake, "Umeona sasa, wanakwenda kufungwa tu." Yeye alikuwa anakunja kanga. Akasema, "Kaka, wamefunga mabao matatu kwenye fainali za Afrika." Akaendelea kukunja.

Ikabidi tusubiri hadi mwisho wa 2023 ndipo tufuzu tena. Katikati hapo tulichukua ubingwa wa CECAFA, Jinja mwaka 2016 na Kigali mwaka 2018, nami nilidhani bingwa wa ukanda anakwenda moja kwa moja Afrika. Sivyo. Kombe la CECAFA ni heshima yetu huku Mashariki na Kati, lakini mlango wa fainali za Afrika ni mechi za mtoano, nyumbani na ugenini, na hapo unaweza kupangiwa yeyote. Sisi tulipangiwa Ivory Coast. Wakatufunga 2-0 kwao, tukawarudishia 2-0 hapa, tukawatoa kwa penalti. Raundi ya mwisho wakaja Togo.

Wewe ulikuwa shuleni siku ya mechi ya kwanza, uwanja wa Chamazi. Shangazi yako alikuwa amekuja kututembelea, na asubuhi akaniambia tu, "Nipeleke Chamazi." Tukapanda daladala Rangi Tatu. Tulishinda 3-0, lakini nikikuambia nilivyoiangalia mechi ile nitakudanganya. Nilikuwa namwangalia yeye. Mpira ukienda pembeni, mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza pale chini ya kiti, unagusa, unavuta, unakata ndani. Mwanamke wa miaka karibu arobaini, ana watoto wanne, na mguu wake ulikuwa bado unaijua kazi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Marudiano ya Lomé tuliyafuatilia sebuleni. Togo wakafunga mawili. Hapo hesabu ilikuwa 3-2 kwa jumla, bao moja zaidi na faida yetu yote ya Chamazi imeisha. Shangazi yako hakuweza kukaa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tulikuwa tumefungwa, na tulikuwa tumefuzu. Akasujudu palepale kwenye mkeka. Na bado sikupata ujasiri wa kumwambia neno.

Fainali zenyewe, za mwaka 2024, zilisogezwa hadi Julai 2025 kule Morocco. Mali wakatufunga 1-0. Kisha tukakutana na Afrika Kusini, walewale wa 2010, safari hii wakiwa mabingwa watetezi. Nahodha wetu Opa Clement akatutanguliza na tukaongoza mpaka kipindi cha pili, ikaisha 1-1. Mwanangu, ile ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika fainali hizo. Ghana wakatufunga 4-1 tukarudi nyumbani, lakini pointi ile ipo, haifutiki. Oktoba mwaka huohuo tukaitoa Ethiopia, tukafuzu tena, fainali za 2026, na wanaofika nusu fainali huko wanakwenda Kombe la Dunia Brazil mwaka 2027.

Fomu yako ilipofika, nikapanda basi kwenda Tanga. Nilimkuta shangazi yako anachambua mchele. Nikamwambia kwamba siku ile Buguruni nilikosea, kwamba nilitumwa lakini mkono uliomshika ulikuwa wangu, na kwamba ningeweza kumtetea kwa baba na sikumtetea. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikasikia maji yanachemka jikoni. Kisha akasema, "Saini karatasi ya mtoto, kaka." Alilia. Mimi pia nililia.

Sasa mambo ya safari. Nimekuwekea nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa. Miaka yako ni hiyo iliyoandikwa. Akitokea mtu, awe nani, akakuambia upunguze mwaka mmoja ili upate nafasi, nipigie siku hiyohiyo. Karatasi huamua mengi katika mchezo huu. Mwaka 2018 Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walipewa nafasi ya fainali baada ya Guinea ya Ikweta kuondolewa kwa sababu ya uhalali wa mchezaji, kisha siku chache kabla ya mashindano uamuzi ukabatilishwa, Guinea ya Ikweta wakarudishwa. Wafikirie wasichana wale waliokuwa wameshaanza kujiandaa. Walifuzu tena Oktoba 2025, walipoitoa Gambia, na niliwafurahia kama wetu.

Mama yako anauliza habari ya mavazi. Nimemweleza kwamba FIFA iliruhusu hijabu uwanjani tangu 2014, na kwamba Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa kwenye Kombe la Dunia la 2023. Akaomba nimwonyeshe picha, nikamwonyesha, akaitazama mara tatu. Utavaa hijabu, suruali ya kubana ndani ya bukta, na fulana ya mikono mirefu chini ya jezi. Mweleze kocha mapema, kwa adabu.

Goti likikuuma, sema. Usifiche maumivu ili usiachwe. Na vitabu vya kidato cha nne uende navyo kambini, nimeshazungumza na mwalimu wako wa hesabu atakutumia mazoezi.

Wasipokuchagua, rudi nyumbani kwako, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Wakikuchagua, shangazi yako anataka kuwa wa kwanza kupigiwa, kabla yangu mimi na kabla ya mama yako. Nimemkubalia.

Amekusanya fedha za kukununulia daruga mpya. Anasema asije mtu mwingine yeyote akazinunua, na anasema zisiwe za kuazima. Niandikie namba ya mguu wako haraka, Jumamosi anakwenda mjini.

Baba yako