Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa na afya. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi chini ya turubai hili.

Klabu yetu ilianza na wanachama 9, leo tuko 43. Kwa kipindi hicho kifupi tumepiga hatua kubwa: tumeshika nafasi ya tatu katika midahalo ya kata, tumefanya ziara ya kitaaluma kutoka Mnazi Mmoja hadi Sanamu ya Askari, na tumetoa elimu kwa umma pale Kariakoo siku tatu mfululizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunatafuta vita na matukio ya kisiasa ambayo darasani hupitiwa kwa mstari mmoja, na mengi yamelala ndani ya majina ya jiji hili. Daladala zinapita kambi ya jeshi ya Lugalo kutwa nzima, lakini wachache wanajua kuwa jina hilo limetoka Uhehe, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wachache zaidi wanajua kuwa kambi hiyo, ikiitwa Colito, ndimo askari wa Tanganyika Rifles walimoasi tarehe 20 Januari 1964 wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa Waingereza, na makomando wao wakashuka kwa helikopta tarehe 25. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliundwa Septemba mwaka huohuo, na kwa maoni yetu huwezi kuielewa bila kuijua wiki ile.

Lakini lililotushika zaidi ni Kariakoo. Jina lenyewe ni Carrier Corps kwa kinywa cha Mswahili: kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliokuwa na kambi pale baada ya jiji kutekwa kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe, basi risasi na unga vikabebwa vichwani mwa watu. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927, inawaita miguu na mikono ya jeshi, na inawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Tuliizunguka sanamu ile yote. Hakuna jina hata moja.

Ndipo tukaanza kuyatafuta wenyewe, kwa wajukuu. Tunayo majina 61 katika madaftari, na sauti za wazee katika kompyuta moja kuukuu. Vyote vimo katika stoo ya shule, na paa la stoo hiyo linavuja. Masika iliyopita madaftari manne yaliloa hadi wino ukayeyuka; tuliyaanika juani, majina 11 hayasomeki tena. Mzee mmoja wa Gerezani alitusimulia nusu ya safari ya babu yake. Tuliporudi kuchukua nusu iliyobaki, tulikuta msiba. Hiyo nusu tuliyonayo imo ndani ya kompyuta ile, na maji yalishaigusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea kwa moyo mkunjufu na kutuahidi mabati mbele ya hadhara hii, tukampigia makofi. Wa mwaka jana alituahidi kompyuta, akamtuma na fundi aliyelipima paa mara mbili. Tunawashukuru wote wawili. Vipimo vya fundi tunavyo, tumeviambatanisha na risala hii ili asihitajike mtu wa kupima mara ya tatu.

Tunachoomba ni mabati 32 ya geji 28, mbao za kenchi, kabati moja la chuma na kompyuta moja. Ufundi usikupe shida: wazazi wawili waliopo hapa ni mafundi seremala na wamejitolea bure. Vuli haiko mbali, hivyo kwa heshima kubwa tunaomba tutajiwe tarehe, hata kama ni ya mabati peke yake. Ahadi isiyo na tarehe, Mheshimiwa, tumeshajifunza kuingoja, na wazee wetu hawawezi kuingoja pamoja nasi.

Tunakuomba pia, kabla ya kupanda gari, utembee nasi hadi kwenye stoo ile yenye mlango wa kijani. Ufunguo anao katibu wetu, amesimama karibu na meza kuu.

Tunaomba kuwasilisha.