Tima, kaskazi na msumari wangu

Shoga yangu,

Sasa? Habari za Lamu, mama anaendeleaje na ule mguu? Mimi niko tu, huku Nairobi ni baridi na stima zimepotea mara mbili wiki hii, hata hii barua nimeianza na tochi ya simu.

Wacha nianze na ile kitu ulinichekea kwa komiki yangu, ile ya Tima, msichana wa baharini wa zamani. Enyewe nilikasirika, ati "huyo Tima wako anasukumwa na upepo gani, wa feni?" lakini ulikuwa na haki. Nilimchora anatoka Mombasa mwezi wa kwanza anakuja kwenu, tanga limejaa, leso inapepea mbele, na mimi hapo najiona fundi. Kumbe Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inavuma ikitoka huko huko anakoenda. Paneli 9 nimetupa, na nililia kidogo, sikufichi. Alafu nikakaa chini nikafikiria, kama hawezi kurudi mpaka kusi, upepo wa kusini, ianze mwezi wa nne hivi, basi msichana wa miaka 15 amekwama Mombasa miezi yote hiyo, hana pesa, hana ndugu, na hapo ndo nikapata hadithi, maana kabla ilikuwa ni kukimbizana na mapanga tu.

Na ukiangalia, kila mtu alikuja na hiyo kaskazi. Mir Ali Bey, yule Mturuki, alishuka nayo na merikebu zake za makasia kutoka Bahari ya Shamu, Wareno nao wakaja nayo kutoka Goa wakamkuta Mombasa, Machi 1589, na ng'ambo bara wako wapiganaji Wazimba wanangoja kuvuka. Wareno wakamshika wakampeleka Lisbon. Kwa Wareno alikuwa haramia, lakini watu wa Mombasa walimpokea vizuri kabisa, sasa Tima yuko hapo katikati na hajui haramia ni nani, na mimi simwambii.

Kabla ucheke tena: Fort Jesus nimeifuta. Nilikuwa nimeichora nyuma ya bandari, jiwe kwa jiwe, siku mbili nzima, alafu nikakumbuka Wareno walianza kuijenga 1593. Sahii hapo kuna minazi tu.

Chombo ni mtepe na hiyo sibadilishi. Mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, hakuna msumari hata mmoja, tanga ni la mkeka, la mraba, si la pembe tatu kama jahazi la mzee wako. Na kwa sababu kimeshonwa kinavuja, kwa hivo kazi ya kwanza ya Tima ni kuchota maji, mchana na usiku, shujaa wangu hana upanga, ana kata. Jamaa mmoja wa kazini aliona akaniambia nimfanye mrembo kidogo, yaani kama mtu wa miaka 25 hivi. Nikamwongezea chunusi kwa paji la uso.

Shida kubwa ilikuwa mikono. Ukurasa wa 14 anashona ubao uliofunguka na mawimbi yanaingia, na nilishindwa kabisa kujua kidole gumba kinakaa wapi. Nikaomba mama mboga kreti ya nyanya iliyovunjika, nikachukua vipande viwili nikatoboa, nikaanza kushona na kamba ya katani hapo kwa meza ya jikoni. Ukivuta, mbao zinalia kiik, na lazima gumba likanyage kamba pale kwa shimo isirudi, ukiachilia kidogo tu kila kitu kinalegea unaanza upya. Ngozi ilitoka. Kwa hivo sasa Tima amefunga gumba na kitambaa kutoka huo ukurasa hadi mwisho.

Kuprinti bado. Nilienda River Road na kurasa 22 nikaambiwa ukikunja na kupiga pini katikati lazima zigawanyike kwa nne, sasa nafanya 24. Nakala ya majaribio ilikatwa pembeni na nusu ya maneno ikaenda na kisu, sikuwa nimeacha nafasi ya kutosha, ni makosa yangu na yao pia kwa sababu waliona.

Hizo kurasa mbili za kuongeza ndo nakuomba unisaidie. Nataka Tima ashike usukani mara ya kwanza, huko tezi nyuma ya chombo, usiku, nahodha amelala. Muulize mzee, usiku bila taa mtu anajuaje kama upepo umegeuka, ni shingo ama masikio ama nini? Anitumie voisi, hata ndefu, nitasikiliza kwa matatu.

Na tafadhali usimwambie zile mbao za kreti nilizitoboa na msumari wa moto.

Ni mimi wako