Msijaze chupa kwa kuhesabu siku

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wanaotengeneza bia na saida ya tufaha (kileo cha maji ya tufaha) nyumbani. Povu likitulia, haina maana hamira imemaliza kazi. Baridi ya usiku mmoja tu huweza kuilaza. Pimeni kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000), na kipimo kikisimama palepale siku 3 mfululizo, ndipo mjaze. Bia nyingi huishia karibu na 1.010, lakini saida hushuka hadi 1.000 au chini yake, maana sukari ya tufaha huliwa karibu yote. Saida iliyofungwa ikiwa bado 1.010 ni hatari kweli: sukari iliyobaki huendelea kuchachuka, gesi hukosa pa kutokea, chupa hupasuka na vipande vya kioo huruka hadi usoni.

Sukari ya kuleta gesi, mnayoongeza kabla tu ya kujaza chupa, isizidi gramu 6 au 7 kwa lita. Iyeyusheni kwa maji yaliyochemka, ikoroge taratibu kwenye ndoo nzima. Ukigawa kwa kijiko chupa kwa chupa, moja itafurika na nyingine itakosa gesi. Tafadhali, chupa nyembamba za juisi ziacheni. Tumieni nzito za bia, zisizo na ufa mdomoni.

Mtengenezaji wa siku nyingi