Gari la pili si anasa kwa mwenye gari la zamani

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya fedha za nyumbani alitushauri majuzi kwamba mtu mwenye gari kuukuu lililosimama uani aliuze kwa bei ya chuma chakavu, akope benki, anunue gari moja zuri. Kuwa na magari mawili ya zamani, alisema, ni hasara mara mbili. Hesabu hiyo siikubali. Mimi natengeneza majokofu hapa Tororo, na bila gari sipati hata senti.

Nina Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo marehemu mjomba wangu aliiendesha kama teksi kati ya Tororo na Kampala. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na zilikuwa zikiunganishwa Mombasa. Leo injini ya hiyo yangu iko juu ya meza. Ilichemka, gasketi ya hedi (muhuri ulio chini ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini) ikaungua, na hedi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu, ikapinda. Kando yake uani kuna Toyota Corolla ya miaka ya tisini, ile ambayo hapa Uganda tunaiita Kikumi, niliyoinunua kwa shilingi milioni saba ili niendelee kwenda kazini. Hayo ndiyo magari mawili yanayomkera mwandishi wenu.

Magari ya zamani ninayoyaona yakifia kwenye gereji zetu huuawa na haraka ya wenyewe. Ukiwa na gari moja tu na injini ikafunguliwa Ijumaa, Jumapili jioni unampigia fundi simu, Jumatatu asubuhi umesimama kando yake mikono kiunoni. Fundi naye ni mtu. Atakata gasketi kwenye karatasi ngumu, ataipaka silikoni, atamwaga dawa ya kuziba kwenye rejeta, nawe utaondoka na furaha zako mpaka mlima wa kwanza. Nayajua haya kwa sababu wateja wangu hunitenda vivyo hivyo. Jokofu likishachomelewa bomba, lazima nilifyonze kwa pampu kabla ya kutia gesi, ili unyevu wote utoke. Muuza soda akija kulia mlangoni kwamba soda zake zinapata moto, akanifanya nikatize, ule unyevu uliobaki unaganda kwenye mrija mwembamba na jokofu linaacha kupoza. Halafu analaumu gesi.

Na 504 haitaki haraka kabisa. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, kama za Corolla. Ni slivu, yaani mapipa ya chuma yanayochomolewa, maji yanazizunguka moja kwa moja, na kwa chini zimekalia mihuri myembamba. Kinachozibana zisisogee ni hedi. Fundi aliyekulia kwenye Toyota huvua hedi, halafu kwa mazoea anazungusha krenki, ule mhimili wa chini, atazame pistoni zikipanda na kushuka. Kwa Toyota hakuna neno. Kwa 504, pistoni inaivuta slivu ikainuka kidogo tu, muhuri wa chini unaachia, na maji yanaanza kushukia kwenye oili. Utafunga hedi iliyonyooshwa, gasketi mpya, boliti mpya, na bado oili itapauka na kufanya povu, kisha mtaanza kumtafuta mchawi. Inavyotakiwa ni hivi: hedi ikishatoka tu, slivu zibanwe kwa vipande vya chuma na boliti. Kabla hedi haijarudi, kila slivu ipimwe imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Lazima zichomoze kidogo na zilingane, la sivyo gasketi haibani. Tunazungumzia sehemu ndogo za milimita. Kazi hiyo haifanywi huku mwenye gari akitazama saa.

Fundi wangu ni mzee aliyezishika Peugeot tangu ujana wake. Nilipompelekea habari aliniuliza kwanza kama nina gari jingine. Nikamwambia sina. Akasema, "Mwanangu, hii nitakufanyia, lakini usiniulize lini." Nikaenda kutafuta Kikumi.

Mama watoto hakupendezwa. "Baba watoto, lililopo halitembei, na unaleta la pili?" Nikamfungulia daftari la kazi. Wateja wangu wako Malaba, Nagongera, Mulanda, wengine hadi Mbale. Nabeba mtungi wa gesi, pampu, kompresa, mashine ya kuchomelea. Kwa bodaboda ningemaliza faida yote kwenye nauli, na mvua ikinyesha ningelala hukohuko. (Najua, bodaboda wetu hubeba jokofu zima mgongoni mwa pikipiki. Nawaona, na kila mara nasikitika, maana likilazwa, oili ya kompresa hutiririkia kwenye mabomba, na mwenyewe akifika nyumbani analiwasha papo hapo. Wiki ijayo ni mteja wangu.) Mwandishi wenu alihesabu gharama ya gari la pili. Hakuhesabu kazi zinazopotea wakati la kwanza limefunguliwa.

Ushauri wake wa kukopa nao siuwezi. Mkopo wa shilingi huku kwetu unazunguka karibu asilimia 20 ya riba kwa mwaka. Hilo gari moja zuri likiharibika, na litaharibika, marejesho ya benki hayasubiri fundi.

Kwa nini Kikumi, wakati kuna Premio na Wish zinazong'aa? Kwa sababu spea zake zinauzwa hata kwenye vibanda vya njia panda, na kijana yeyote mwenye spana anaijua. Shokamzoba, bushi, boljointi, pampu ya maji: unanunua asubuhi, mchana uko barabarani. Kampala, soko la Kisekka, kitu cha Corolla unaletewa kabla hujamaliza kukitaja. Cha 504 unaulizwa kwanza hilo gari ni la nani na bado linatembea? Halafu Kikumi siku ya kukiuza mnunuzi yupo. Kiko chini kidogo kwa barabara zetu za udongo wakati wa masika, hilo nakubali, na Mulanda nimewahi kusukumwa na wanafunzi.

Lakini anayenunua ajue ananunua nini. Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliingizwi tena nchini. Vikumi vilivyopo ni hivi hivi tunavyopokezana, na kila kimoja kimeshapita kwenye mikono mingi. Nenda asubuhi mapema, na kabla ya salamu nyingi weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, na ana sababu. Mimi muuzaji wa kwanza nilimwachia gari lake hapo hapo. Taka liwashwe likiwa baridi, wewe ukiwa nyuma unatazama moshi. Fungua kifuniko cha oili uangalie povu jeupe. Inua zulia upande wa dereva utafute kutu na chomelezo. Pitisha sumaku ndogo kwenye milango. Pale inapokataa kunata kuna puti, ile lipu ya kuziba bati lililoharibika, chini ya rangi.

Kisha karatasi, na hapa ndipo watu wanapolia. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kitabu cha gari, uisome kwenye chuma chenyewe, si kwenye picha ya simu. Tangu sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali inayohamishika, URSB, idara ya serikali ya kusajili biashara, wana daftari la mali zilizowekwa rehani. Gari linaweza kuwa mikononi mwa muuzaji na huku limefungwa kwa mkopo wake. Angalia kwanza. Na ukishalipa, hamisha umiliki kwenye daftari la magari la serikali. Wengi hapa wananunua kwa karatasi ya makubaliano na picha ya kitambulisho, wanaishia kumtafuta muuzaji aliyehamia Juba.

Kikumi changu sikipendi, na nimeamua kutokipenda. Bampa ya mbele imefungwa kwa waya. Rangi ya mlango mmoja si ya gari hilo. Kinapata oili, breki na tairi, basi. Vijana wetu wananunua gari la milioni saba, wiki ya pili limewekewa rimu na redio ya milioni mbili, na breki zinalia vilevile. Gari la kazi ukianza kulipamba, umeshapata magari mawili ya kutengeneza, na hapo mwandishi wenu atakuwa amesema kweli. Fedha pia nimezitenga. Za majokofu ya kila siku zinakihudumia Kikumi kwanza. Peugeot inapata ile kazi ya ziada, kama hoteli ikinipa chumba cha baridi cha kufunga. Mwezi usio na kazi ya namna hiyo, Peugeot hainunuliwi hata nati moja, na fundi wangu hajawahi kununa.

Mwandishi wenu aliandika pia kwamba gari lililosimama linaendelea kula. Huku kwetu leseni ya barabara ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2007, na bima ya lazima ya mtu wa tatu ni ya gari linalotumika barabarani. Ya kwangu iko juu ya magogo uani. Kinachoila ni panya. Nimetoa betri, nimeinua magurudumu kutoka ardhini, nimemwaga petroli iliyokuwa kwenye kabureta, na nimeiachia breki ya mkono ili viatu visigande kwenye ngoma. Waya nimezipaka oili chafu. Wengine wanasema panya hawaipendi, mimi nasema inawachelewesha. Kuku nao wanataga kwenye kiti cha nyuma, na mayai hayo nimemwambia mama watoto ayaandike kama mapato.

Jambo jingine ambalo wenye magari ya zamani hawaambiwi: usiliache gari gerejini. Peleka kipande, gari libaki nyumbani. Hedi yangu ilikwenda kunyooshwa Mbale, nyuma ya Kikumi, imefungwa gunia. Seti ya gasketi naisubiri kutoka Kenya. Gari linalolala gerejini miezi mingi huanza kuchunwa: leo alteneta imeazimwa, kesho kabureta haionekani, na unaambiwa fundi aliyejua habari zake ameacha kazi.

Kwa mtu aliyepanga chumba kimoja asiye na ua, nitakuwa wa kwanza kumwambia auze la zamani. Vivyo hivyo kwa yule ambaye gari la zamani halitaki hasa, ila anaona aibu kuliuza kwa sababu lilikuwa la baba. Na anayefikiri kwamba Kikumi cha milioni saba hakitaharibika, huyo asubiri kwanza aweke akiba. Mimi nilikinunua, nikabakiza pembeni fedha ya mkanda wa taimingi, tairi mbili na pampu ya maji, na zote zimeshatumika.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aache kutuhesabia idadi ya magari. Atueleze hatua kwa hatua jinsi ya kuhamisha umiliki wa gari lililopita mikono mitatu bila kuandikishwa, mmiliki wa kwanza akiwa amefariki. Swali hilo naulizwa na wateja kila ninapoegesha Kikumi, na Peugeot ya mjomba nayo bado inasomeka kwa jina lake.

Fundi majokofu,
Tororo, Uganda